Nilipea filamu ya binamu yangu 4 kwa 10, sasa anti hanisemeshi

"Mimi ni msichana wa miaka 29, naishi Umoja. Kwa ploti yetu tulichanga tukanunua projekta, na kila Jumamosi jioni tunatundika shuka kwa ukuta wa rufu tunaona muvi, watu kama 15 hivi na watoto wao. Ikiisha kila mtu anaandika alama kwa grupu ya WhatsApp, ya juu kabisa ni 10. Shida ni kwamba hizo alama hazisaidii mtu. Muvi moja naipea 9, jirani anaipea 3, tunagombana mpaka saa sita usiku. Nikaanza kuangalia ile tovuti ya Rotten Tomatoes kabla ya kuchagua lakini tulionyesha moja ya asilimia 96 watu wakalala. Alafu mwezi uliopita tukaonyesha filamu ya binamu yangu, aliitengeneza na vijana wenzake kwa pesa zao. Mimi niliipea 4 kwa sababu ilinichosha, kichwa kiliniuma na siwezi hata kueleza ni nini. Mama yake yuko kwa hio grupu na tangu hio siku hanisemeshi. Wengine wanasema filamu za kwetu zipimwe na mizani yake. Kwani kuna njia ya haki ya kujua muvi ni nzuri, ama ni kila mtu na roho yake? Na ile 16 wanaandika kwa bango la muvi ni alama gani?"

Dada yangu, swali lako nimelisoma nikicheka alafu nikaacha kucheka, kwa sababu hio ya anti inauma. Mimi ni edita wa filamu, huu ni mwaka wangu wa 19 nikikata na kuunga picha za watu, na nimekaa kwa meza ya majaji wa mashindano mara kadhaa, kwa hivyo alama nimezitoa na nimepewa. Kabla hatujafika mbali wacha niseme hivi: sidhani ile 4 ndio ilimuumiza anti. Kijana wake angepata hio hio 4 na mistari mitatu chini yake, ya kwamba hapa nilishika pumzi, hapa nilipotea, hapa maneno sikuyasikia, angenuna siku mbili yakaisha. Lakini uliandika 4 ukaweka simu chini. Namba haina mdomo, ukiiacha peke yake kila mtu anaiwekea maneno yake, na mama mzazi anajua kuiwekea maneno makali kushinda yako.

Ile 16 tuimalize haraka. Hio haihusiani na utamu wa muvi hata kidogo. Inatoka kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu, wale KFCB, na kazi yao ni kusema nani aruhusiwe kuiona. GE ni ya kila mtu, PG mzazi akae karibu, 16 na 18 ni umri, basi. Takataka inaweza kuwa GE na kazi safi kabisa ikapewa 18. Kwa vile mnaona na watoto wakiwa hapo kwa rufu, hio ndio namba ya kwanza unafaa kuangalia, kabla hata ya jina la muvi. Na kama hio Jumamosi yenu inaanza kukua, watu wa ploti ya pili wanaanza kupanda ngazi na viti vyao, nenda ofisini kwao mwenyewe uulize mambo ya leseni na ya ruhusa ya wenye hizo muvi, hayo usiyamalize kwa kuuliza watu mtandaoni.

Sasa asilimia 96 ya Rotten Tomatoes iliyowalaza. Hapa sio wewe peke yako umekosea, hata watu wa kazi yetu utawasikia wakijigamba ati filamu yao ina 96 kama vile ni maksi za mtihani. Ile asilimia haisemi muvi ni nzuri kiasi gani. Inasema kati ya wahakiki waliohesabiwa ni wangapi wameipenda kuliko kutoipenda. Kila mhakiki, hata kama ameandika kurasa tatu za sifa zenye lawama ndani yake, anageuzwa kuwa ndio ama la, alafu zile ndio zinahesabiwa. Zikifika 60 kwa 100 muvi inachorewa nyanya nyekundu, zikipungua inachorewa ile ya kijani imepasuka.

Hebu tufanye hesabu kidogo uone. Chukua wahakiki 10. Muvi ya kwanza wote 10 wanatoka wakisema ah, si mbaya, na kila mmoja kwa roho yake angeipea 6. Hio inapata asilimia 100. Muvi ya pili, 7 wanatoka hawawezi hata kuongea, wanaipea 10, na 3 wameichukia wanaipea 3. Hio inapata asilimia 70. Wastani wa ya kwanza ni 6, wa ya pili ni 7.9, lakini kwa bango ile ya 6 ndio inaonekana imeua. Sasa unaona venye ya 96 inaweza kukulaza? Mara nyingi ni muvi ambayo haijamkosea mtu, na muvi ikijitahidi sana isimkosee mtu, inaweza pia kusahau kumwamsha. Mimi nikichagua ya kuona na marafiki huwa natafuta zile zimegawanya watu, za 60 hadi 75, nasoma waliozichukia walichukia nini. Mtu akiandika "inaenda polepole na hakuna anayeeleza kitu" mimi hapo ndio nanunua tikiti, wewe pengine utakimbia, na sisi wote tumesaidika na huyo huyo mtu.

Kuna tovuti ingine, Metacritic, wao wanafanya wastani wa kweli, kutoka 0 hadi 100, ingawa wahakiki wengine wanapewa uzito zaidi ya wengine. IMDb ni watazamaji kama mimi na wewe, 1 hadi 10, na pia hapo wastani sio ule wa darasa la sita, wana namna yao ya kupunguza nguvu ya kura fulani na hawaiweki wazi yote, kwa sababu wakiiweka wazi kesho yake itachezewa. Kitu cha kukumbuka na kura za watazamaji ni nani ana haraka ya kupiga kura. Ni aliyependa mpaka anatetemeka na aliyekasirika. Yule wa katikati amelala, ana kazi kesho. Na kwa filamu zetu ongeza chumvi kidogo, ukiona ina 9.3 na kura zenyewe ni 60, wewe fikiria tu kikosi kilichotengeneza kina watu wangapi na kila mmoja ana mama.

Marekani kuna wengine, CinemaScore, hao tangu mwisho wa miaka ya 70 wanasimama mlangoni usiku wa kwanza muvi inafunguliwa, wanauliza watu wakitoka, alafu wanatoa herufi kama za shule kutoka A+ hadi F. Lakini mtu aliyekuja usiku wa kwanza alikuja ameshaamua kupenda, ndio maana kwa hao B ni kama lawama. Sisemi hizi namba ni za uongo. Kila moja inajibu swali lake, na swali lako wewe la Jumamosi kwa rufu hakuna hata moja kati yao ilikuwa inalijibu.

Kuhusu kila mtu na roho yake. Nusu ni kweli. Ukiniambia muvi umeipenda mimi siwezi kukukatalia, ni kama kukataa mtu akisema anasikia njaa. Lakini kuna swali la pili linakaa karibu sana na hilo mpaka watu wanayachanganya, nalo ni: ilitaka kufanya nini, na imekifanya vizuri kiasi gani? Hilo tunaweza kubishana mpaka asubuhi tukiwa na ushahidi, kwa sababu ushahidi uko kwa skrini, tunarudisha nyuma tunaangalia tena. Mimi nimekulia kwa zile muvi za steringi ambaye risasi hazimwishii, tulikuwa tunajazana kwa kibanda cha vidio kwa shilingi 5, alafu baadaye wakaja kina DJ Afro wakazitafsiri mpaka zikawa tamu kushinda zenyewe, na mpaka leo ukiniwekea moja nitaiona yote na chai yangu ipoe. Naipenda 9. Imeandikwa vipi? 4, na hapo nimeogopa wazee wenzangu. Na kuna filamu naiheshimu sana, sitaitaja, kila picha imepimwa, nimeilalia mara mbili.

Kwa hivyo wewe na huyo jirani wa 3 pengine hamkuwa mnabishana. Wewe ulikuwa unajibu swali la kwanza, yeye la pili, ama kinyume, na grupu yote ikawa inapiga kelele kwa namba mbili za vitu viwili.

Hilo neno "ilitaka kufanya nini" lina kazi kubwa. Roger Ebert, yule mhakiki wa gazeti la Chicago ambaye mwaka wa 1975 alikuwa mhakiki wa kwanza wa filamu kushinda Pulitzer, ile tuzo kubwa ya waandishi wa Marekani, alikuwa anatumia nyota 4, na alieleza kwamba nyota zake ni za kulinganisha: muvi ya kupigana inapimwa na za kupigana, ya kuchekesha na za kuchekesha. Hakuna mtu anaenda Gikomba kununua gumbuti alafu analalamika haziendi na suti. Ila usiifanye hii kuwa kichaka cha kujifichia, kwa sababu kuna muvi inataka kidogo na inakipata, na kuna ingine inataka kubwa inaanguka hatua moja kabla ya mlango, na mimi hio ya pili mara nyingi naipea zaidi. Jaji mwenzangu hakubali. Tumebishana miaka.

Sasa nikuambie ni kwa nini kichwa kilikuuma. Sijaiona filamu ya binamu yako lakini nina wazo, na naweza kuweka pesa kidogo mezani.

Watu wengi wakipima muvi wanaanza na picha. Picha siku hizi ni rahisi, kamera za bei ya kawaida zinatoa picha safi, na filamu ngapi za hapa zinaanza na droni ikipita juu ya KICC jua likichwa, mpaka mimi nikiiona naanza kuhesabu sekunde. Picha haitakuambia sana. Funga macho dakika mbili usikilize. Macho ya mtu husamehe, picha ikiwa na giza kidogo ama ikitingika yanazoea, lakini masikio hayasamehi hivyo, sauti ikikorofisha unachoka na hujui umechoka na nini.

Nikupe mfano wa kazi niliyoletewa kukata. Sini moja, mama na binti yake jikoni, nyumba ya kawaida tu kule Donholm, binti anamwambia mama ana mimba. Kamera moja. Asubuhi walipiga upande wa mama, na friji ilikuwa imewashwa inanguruma kwa pembe. Mchana wakageuza kamera wakapiga upande wa binti, na wakati huo mtu wa saundi alikuwa ameshaisikia akaizima. Walikuwa na bahati hata kuwa na mtu wa saundi. Sasa mimi nikiunga: mama anauliza, ngrrrrr, binti anajibu, kimya kabisa, mama anashika kifua, ngrrrrr, binti analia, kimya. Mara 14 kwa dakika mbili. Wale waigizaji walikuwa wazuri, yule mama hasa, alikuwa anakunja kitambaa cha sahani kwa vidole akikunjua bila hata kujua, kitu ambacho hakuna dairekta anaweza kukufundisha. Lakini niliwaonyesha watu wawili ofisini na wote wawili wakaniambia waigizaji hawajashika. Kumbe ni friji.

Dawa yake ni ya bure. Watu wa saundi wazoefu wakizima friji ya mtu wanaweka funguo za gari lao ndani yake, ili wasiondoke wakaacha nyama ya mwenye nyumba ikioza, huwezi kwenda bila funguo. Alafu sini ikiisha kila mtu anaambiwa asimame alipo, asipumue kwa nguvu, na wanarekodi ukimya wa hicho chumba nusu dakika ama dakika moja. Kila chumba kina ukimya wake, wa jikoni si wa sebuleni. Mimi edita nautandaza huo ukimya chini ya sini nzima kama godoro na mikato inazama. Ile nusu dakika vijana wanaionaga ni ya kupoteza wakati, jua linaenda, mwenye nyumba anataka nyumba yake, wanairuka. Ile sini ya Donholm hakuna aliyeurekodi, ikabidi nitafute vipande vidogo vya kimya katikati ya maneno nivishone, siku mbili kwa dakika mbili.

Na sini za binamu yako kama zilikuchosha bila sababu, rudi usikilize kwa hedifoni pale kamera inapohama kutoka mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Kama hewa inabadilika, umepata.

Hii inanileta kwa uigizaji, kwa sababu ndio kitu watu hupima kwa ujasiri mwingi na ndio kigumu kupima. Mwanzoni mwa enzi ya Usovieti kulikuwa na dairekta anaitwa Lev Kuleshov, alichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja, uso uko tu, akaiunga na sahani ya supu, alafu uso ule ule na mtoto kwa jeneza, alafu na mwanamke amejilaza. Stori inavyosimuliwa ni kwamba watu walisifu venye yule jamaa anaonyesha njaa, na huzuni, na tamaa. Uso ulikuwa ni mmoja! Kwa hivyo ukimsifu mtu kwa machozi, kumbuka kuna mtu kwa chumba cha giza aliamua hayo machozi yaanze sekunde ngapi baada ya neno gani. Filamu ya hapa kwetu, Softie, ilitunukiwa kwa uhariri kwa tamasha la filamu la Sundance kule Marekani 2020, na mpaka leo mara nyingi nikitaja jambo hilo mtu ananiuliza uhariri wa filamu unatunukiwaje na hauonekani. Hauonekani, ndio. Ukiuona sana kuna kitu hakijakaa. Mimi nikitaka kupima uigizaji siangalii anayeongea, naangalia anayesikiliza. Anayeongea amepewa maneno, anayesikiliza hana pa kujificha.

Stori sitaisema sana, hio unaijua, umekuwa ukisikiliza stori tangu uzaliwe. Jiulize tu sini ikiisha kuna kitu kimebadilika ama watu wamekaa walipokuwa. Sini tatu mfululizo za watu kukaa walipokuwa, hapo ndio simu zinaanza kuwaka kwa giza.

Alafu kuna kitu kingine na hiki ni chenu nyinyi wa rufu. Kabla hujapima muvi pima shuka. Taa za barabarani zikipiga hapo, muvi ya giza itaonekana ni uji, na huo uji si wa dairekta. Kama mnaona kwa televisheni, kuna setingi inayolainisha mwendo, imekuja imewashwa kutoka dukani, inaongeza picha za katikati kwa filamu ambayo ilipigwa picha 24 kwa sekunde mpaka kila kitu kinafanana na tamthilia ya mchana, izime. Na ile ya maneno kuwa chini na milipuko kuwa juu, mpaka mnakaa na rimoti mkononi, mara nyingi si kosa la muvi. Sauti za sinema zinapangwa kwa spika nyingi, na maneno mengi yanawekwa kwa spika ya katikati. Wewe una spika mbili. Kama mashine yako inadhani una tano, yale ya katikati yanapotea ama yanabaki kidogo. Ingia kwa setingi za sauti uchague steryo. Na kama ni ile kopi imechukuliwa na simu ndani ya ukumbi, mtu anakohoa, kichwa kinapita, hio usipee alama kabisa, umeona kivuli cha muvi.

Nikupe na aibu yangu kidogo. Kuna mashindano, jina nitaacha, tulipewa fomu nzuri ya kisasa. Stori alama 10, picha 10, sauti 10, uigizaji 10, uhariri 10, jumlisha. Kulikuwa na filamu moja fupi ya wanafunzi, sauti mbovu, picha nusu iko nje ya fokasi, lakini ilipoisha sisi watano hatukuangaliana kwa sababu kila mtu alikuwa anapangusa macho. Kulikuwa na ingine haina kosa. 7 stori, 7 picha, 7 sauti, 7, 7. Unajua ni gani ilishinda. Ile ya machozi ilikuwa namba tatu, na tulikuwa watano pale na kalamu zetu na hakuna hata mmoja alisema ngojeni kwanza. Nilitia sahihi mimi mwenyewe. Fomu ya kujumlisha inazawadia asiye na kosa, na kutokuwa na kosa si sawa na kuwa na kitu. Kwa hivyo mtu akikuletea ile orodha ya vipengele 10 vya kupima muvi, itumie kukumbuka vitu vya kuangalia, kujumlisha uache.

Kwa grupu yenu mimi ningefanya hivi. Alama isiandikwe usiku ule ule. Kumbukumbu ya mtu inashika kilele na mwisho, katikati inayeyuka, kwa hivyo mwisho mtamu unaweza kuosha saa nzima ya kuchosha, na mwisho mbaya unaweza kuchafua muvi safi. Ngojeni Jumapili mchana, mtu ametoka kanisani ama ameamka, andika ni nini umebaki nacho. Kila mtu aandike namba mbili, ya roho na ya kazi, na sentensi moja yenye kitu kilichoonekana ama kusikika kwa muvi. Sio "ilikuwa boring", hio ni habari yako wewe, ni "dada yake alipotea katikati na hakuna aliyemtaja tena". Asiye na sentensi namba yake haihesabiwi. Mtaona kura zimepungua, na ugomvi umekuwa mtamu. Na baada ya miezi mitatu hivi utajua jirani gani ana jicho kama lako na gani ukimsikia amechukia wewe ndio unaitafuta.

Ya filamu za kwetu kupewa mizani yake. Nimebadilisha mawazo hapa mara mbili kwa hio miaka 19, nikuambie nilipo saa hii. Ile namba ya kazi usiilegeze. Kati Kati ya 2016, iliyopigwa hapa kwetu na sio kwa mamilioni ya dola, ilienda tamasha la filamu la Toronto ikapewa tuzo na wahakiki wa kimataifa, na hakuna aliyeipunguzia mtihani ati imetoka Kenya. Ukimpea binamu yako 7 ya huruma, umemwambia hawezi 7 ya kweli. Lakini kujua bajeti kunabadilisha unalaumu nini. Kama hakuna umati kwa sini ya mkutano, hio ni pesa, nyamaza. Kama friji haijazimwa, hio haikuwa pesa, sema. Kwa filamu ya bei ndogo mimi huwa naangalia kama walijua wana nini na wakaandika stori inayotosha ndani yake, ama waliandika ya helikopta alafu wakatuonyesha sauti ya helikopta na watu wakiangalia juu.

Na ukitaka kukuza jicho kabisa, hii ya kusoma haitoshi. Tafuta maonyesho yenye watengenezaji wakiwepo, Alliance Française wanaonyesha, Goethe pia, ukae mpaka ile sehemu ya maswali ambayo watu wengi wanakimbilia matatu. Ama omba kukaa nyuma ya edita nusu siku, usiongee, uangalie tu ni vitu vingapi vizuri vinatupwa. Mimi kwangu watu hukaa, kochi iko, stima ndio sijui.

Anti sasa. Hii usiimalize kwa WhatsApp, na usiandike ati "samahani kama nilikukosea", hio ndio itaharibu kabisa. Na usibadilishe ile 4 kuwa 7, kila mtu ameiona, na binamu yako atajua ni ya mama yake. Anza na binamu kwanza, si anti. Iangalie filamu tena peke yako na hedifoni na karatasi, andika dakika, zile zilikushika na zile zilikuponyoka, na za kukushika zisikose, hata kama ni mbili. Alafu uende kwao Jumapili, ubebe unga na sukari kama kawaida, uombe mkae hapo sebuleni muiangalie wote watatu. Anti akiwa hapo asikie ukimwambia kijana wake dakika ya ngapi ulishika pumzi. Na mkifika kwa ile sini iliyokuchosha, simamisha, mpe binamu yako hedifoni umuulize friji ilikuwa upande gani.